MDUDU WA VIAZI VITAMU HASHINDWI KWA BOMBA

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu. Wengi waliokuwa zamu siku ile wameomba yaandikwe, nasi tumeyaandika kama yalivyosemwa.)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya mdudu. Twajua wako kati yenu wanaojiuliza, chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na wadudu wa shamba? Kazi ya chama si mshahara, na saa za kazi, na nyumba? Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yake, wala hatukuja kuibadili. Lakini mshahara ukiisha kupiganiwa na kupatikana, yafaa pia tutazame unakwenda wapi. Mwezi wa Januari ni mwezi wa karo za shule. Mvua zimekatika, mahindi ya ghalani yamepungua, na unga wa dukani haumhurumii mtu. Katika mwezi huo huo, nyumba nyingi za kwetu, kutoka Butere hadi Busia, na kutoka Kisii hadi Kabondo, huishi kwa kiazi kitamu kilicho bado ndani ya tuta. Watoto hunywa chai na kiazi asubuhi, na jioni tena kiazi. Mama akichimbua tuta akakuta viazi vyote vimetobolewa na vichungu kama shubiri, basi barua au simu humfikia mzee wa nyumba huku kazini: leta pesa ya unga. Naye huenda kukopa. Huo mkopo ni mshahara uliokatwa, ingawa karatasi ya mshahara haiuonyeshi.

Tena liko jambo la pili lililotufanya tuombe nafasi hii. Wapo wenzetu wasiopungua sita katika tawi hili waliopeleka fedha nyumbani mwaka jana kununua bomba na dawa ya kunyunyizia viazi vitamu. Mwuza dawa mmoja aliwaambia kwamba dawa yake huua kila kitambaacho. Walinyunyizia mara nne, na mwisho wa yote viazi vililiwa vile vile. Hatuwacheki ndugu hao, maana mtu akiona shamba lake linaliwa hutafuta silaha. Silaha hiyo ndiyo isiyomfikia adui, na leo twataka kueleza kwa nini.

Sisi tunaosema hapa ni watu wa genge la njia, si mabwana shamba. Haya tuliyo nayo tumeyapata kwa wazee wetu, kwa mabwana shamba wenyewe, na kwa kuyajaribu kwenye matuta.

Mdudu huyu huitwa fukusi wa viazi vitamu. Ni mbawakawa mdogo, mwembamba, mwenye mdomo mrefu kama mkonga, na kwa mbali umbo lake ni la sisimizi mkubwa. Kwa hiyo wengi humwona na kumpita, wakidhani ni sisimizi tu. Huku kwetu bara wako wa namna mbili. Mmoja ni mweusi, urefu wake milimita 6 hadi 8; wa pili ni mdogo zaidi na rangi yake ni ya kahawia. Wenzetu wa Mombasa na pwani wanaye wa tatu, kifua chekundu na tumbo jeusi lenye kung'aa kama buluu, ambaye ndiye anayewasumbua watu wa Bara Hindi na Marekani. Wawili wa kwanza ni wa Afrika, hawaonekani kwingine. Ukimgusa hujifanya amekufa. Huanguka chini, hukunja miguu, na hukaa kimya mpaka uondoke. Kazi yake kubwa huifanya usiku. Anayetaka kumwona na atoke na tochi saa tatu za usiku, atandike kitambaa cheupe chini ya shina, kisha atikise marando. Wataanguka kitambaani wakijifanya wafu.

Lakini huyo mwenye mdomo si yeye aletaye hasara kubwa. Hasara iko kwa mtoto wake. Jike hutoboa kitundu kidogo katika shina la rando, karibu na ardhi, ama katika kiazi chenyewe akikifikia. Humo huweka yai moja tu, na juu yake huziba kwa kinyesi chake, lisikauke wala lisionekane na adui. Kisha huenda kutoboa kitundu kingine. Katika maisha yake jike la yule mweusi huweza kuweka mayai 90 hadi 140. Baada ya siku chache yai huanguliwa likawa buu jeupe lisilo na miguu, nalo hula likienda mbele, likiacha nyuma yake njia iliyojaa kinyesi. Hula humo, hugeuka humo, na hutoka humo akiwa fukusi kamili. Wakati wa joto mambo haya yote huisha kwa majuma matatu au manne. Naye akiisha kutoka huweza kuishi miezi mitatu, hata minne na zaidi.

Hebu tufanye hesabu. Chukua jike mmoja mwenye mayai 100. Nusu wakiwa majike, hao ni 50. Hao 50 nao wakiweka mayai 100 kila mmoja, ni 5,000. Hivyo ni vizazi viwili tu, na mvua ya pili haijafika. Kweli si wote wanaopona, maana ndege wapo, sisimizi wapo, na magonjwa yao wenyewe yapo; lakini mwenye shamba asijitegemeze kwa hao peke yao.

Sasa mnaona kosa la bomba liko wapi. Yai limezibwa. Buu liko ndani ya shina au ndani ya kiazi, na kiazi kiko ndani ya udongo. Dawa huanguka juu ya majani. Labda itawaua wakubwa wachache waliotembea juu usiku ule, lakini kesho wengine watatoka ndani ya mashina, na keshokutwa wengine. Ni kama kupaka rangi juu ya taruma lililooza ndani. Mkaguzi akipita atasifu rangi, na gari likipita taruma litavunjika. Juu ya hayo, marando hayo hayo ndiyo tunayowakatia ng'ombe na mbuzi. Ukinyunyizia leo, na kesho mtoto akamkatia ng'ombe, dawa itakuwa katika maziwa. Hatusemi kwamba dawa zote ni bure. Iko njia ya kuchovya vipando ndani ya dawa kabla ya kupanda, nayo husaidia miezi ya kwanza. Anayeitaka njia hiyo na amwulize bwana shamba dawa gani imeandikishwa na bodi ya serikali kwa kazi hiyo hasa, asome karatasi ya chupa mpaka mwisho, avae glavu, wala asipime kwa kikombe cha jikoni. Lakini twasema wazi kwamba mtu anaweza kumshinda fukusi bila kununua hata chupa moja, na mtu anaweza kununua chupa kumi na asimshinde.

Kwa nini kiazi kilicholiwa kidogo tu huwa kichungu chote? Watu wengi hudhani ni uchafu wa mdudu. Sivyo. Kiazi chenyewe kikitobolewa hutoa maji machungu ili kujikinga. Kwa hiyo hasara haipimwi kwa ukubwa wa tundu. Matundu mawili matatu hukifanya kiazi kisilike hata ukikata sehemu mbovu ukaitupa. Na kilichooza kabisa na kuota ukungu msimpe ng'ombe, maana kimepata kuua ng'ombe kwa ugonjwa wa mapafu.

Tukija kwenye kumshinda, liko jambo moja ambalo mkilishika mmeshika shingo ya mdudu huyu, na mengine yote hufuata. Fukusi hawezi kuchimba. Hana miguu ya kuchimbua wala mdomo wa kupekua udongo. Akitaka kukifikia kiazi lazima apate ufa. Na ufa hufanywa na vitu viwili: jua linalokausha udongo, na kiazi chenyewe kinaponenepa na kulisukuma tuta mpaka likapasuka. Ndiyo maana wakati wa mvua nyingi humwoni sana, na kiangazi kikija mambo huharibika kwa ghafula. Wazee wengi husema kiangazi huzaa wadudu. Kiangazi hufungua mlango. Wadudu walikuwapo tangu zamani, ndani ya mashina.

Basi kazi ya kwanza ni kuziba nyufa. Mwezi mmoja baada ya kupanda, pandisha udongo kwenye tuta, na mwezi wa pili tena. Baada ya hapo pita kila juma, hasa mvua zikianza kukatika, utazame sehemu ya juu ya tuta karibu na shina. Ukiona ufa, hata mdogo wa kuingiza ukucha, uzibe kwa udongo laini na kushindilia kwa mkono au kwa kisigino. Sisi watu wa njia tunaijua kazi hii. Kila siku genge hupita kutazama kokoto ziliposhuka, huzirudisha na kuzishindilia chini ya mataruma kabla reli haijalegea. Hatungoji gari lianguke. Matuta yatunzwe hivyo hivyo. Ukiwa na majani makavu, tandaza juu ya tuta, udongo usikauke upesi. Na mwenye kibustani kidogo nyuma ya kota, aliye na maji ya kufulia yasiyo na sabuni nyingi, ayamwage kwenye tuta badala ya kuyamwaga mtaroni.

Wapo wanaume wasemao kwamba kupandisha udongo ni kazi ya wanawake. Sisi twaona mtu anayesema hivyo ale viazi vichungu peke yake. Bibi ana watoto, ana maji ya kuteka, ana kuni. Akipata nusu siku ya kuzunguka matuta ni bahati. Mwanachama anayekwenda nyumbani mwisho wa mwezi na ashike jembe Jumamosi ile moja. Shamba la viazi la jamaa ya watu sita halimalizi asubuhi moja.

Jambo la pili ni vipando. Hapa ndipo wengi hujipelekea mdudu kwa mikono yao wenyewe. Tumesema jike hutaga karibu na ardhi, mahali shina limekomaa. Basi mtu akikata marando marefu kutoka shamba la zamani, akayakata vipande vipande kuanzia shinani, na kupanda vyote kwa sababu hataki kutupa, amepanda mayai na mabuu pamoja na viazi. Kata ncha tu. Sentimita 30 za mwisho za rando, zile laini zenye majani machanga, humo fukusi hutaga kwa nadra. Kata kwa kisu kikali, kutoka shamba lenye afya lisilo kuukuu. Ukitaka kujua shamba kama lina mdudu, chagua mashina kumi huku na huku, yapasue kwa kisu mahali yanapotoka ardhini. Ukiona shina limevimba, na ndani lina njia nyeusi zilizojaa uchafu, usichukue vipando hapo hata kama majani yanapendeza. Majani hudanganya sana.

Mtu ataniuliza, ncha zitatoka wapi wakati wa ukame, nami nina marando haba? Swali hilo ni la haki. Jawabu ni kuweka kitalu kidogo, hatua nne kwa nne, mahali penye unyevu au karibu na bomba la maji, na kukipanda kwa karibu karibu mapema, kazi yake iwe kutoa ncha tu. Mvua zikianguka mwezi wa tatu unakata na kupanda siku ile ile, wakati wenzako wanatafuta marando kijiji kizima. Na kupanda mapema ndiyo nusu ya ushindi, kwa sababu viazi vitakomaa kabla ardhi haijapasuka.

Kuhusu aina za viazi, tumeulizwa kama iko mbegu ambayo fukusi haigusi. Haiko. Wataalamu wameitafuta kwa miaka mingi. Hata Dkt. Robert Mwanga wa Uganda, ambaye mwaka 2016 alipata tuzo la World Food Prize pamoja na wenzake watatu, alitoa mbegu nyingi nzuri, zikiwamo zile za rangi ya chungwa ndani ambazo zina vitamini A kwa macho ya watoto. Lakini fukusi huzila pia. Iko moja ya Uganda iitwayo New Kawogo, ambayo huliwa kidogo kuliko nyingine, kwa kuwa ngozi ya kiazi chake ina kitu kisichompendeza mdudu. Kwa sisi, shauri ni hili: chagua mbegu inayokomaa upesi, kwa miezi mitatu au minne, na inayozaa chini sana badala ya kuzaa juu juu. Mbegu ya miezi sita ni ya nchi isiyo na kiangazi.

Sasa twaja kwenye jambo linalobishaniwa sana, nalo ni kuvuna kidogo kidogo. Mama zetu huchomoa kwa kijiti kiazi kimoja hapa na kimoja pale, na kuacha vingine vikue. Mabwana shamba wengine wamewakemea kwa desturi hiyo. Sisi twaona akina mama walikuwa na akili. Mtafiti aitwaye Nicole Smit aliipima desturi hiyo mashambani Uganda, na mwaka 1997 aliandika kwamba kuvuna kidogo kidogo hupunguza kuliwa na fukusi, sababu kiazi kinachoondolewa ni kile kikubwa cha juu, ambacho ndicho kinachopasua tuta na ndicho ambacho mdudu angekifikia kwanza. Ila masharti ni mawili. Ukiisha kuchomoa, funika shimo na ushindilie, usiache mlango wazi. Na desturi hiyo ina mwisho wake. Kiangazi kikikaza, udongo ukiwa umekauka, chimbua vyote kwa pamoja. Kuacha viazi ardhini mwezi wa pili mzima ati ni ghala, ni kumwekea fukusi ghala. Vilivyo vizima vikate vipande vyembamba uvianike juani, au uvifukie katika shimo kavu la kivulini lenye nyasi na paa, ukivipekua vyote kwanza, maana kimoja chenye buu kitaharibu shimo zima.

Kwa sababu hiyo twamwomba Ndugu Katibu aliandike jambo hili: mwanachama ambaye kwake ni nchi ya viazi, na ambaye likizo yake ya mwaka haijapangwa, aiombe mapema iangukie wakati wa kuchimbua. Wengi wetu huomba Desemba kwa ajili ya sikukuu, kisha Januari viazi hubaki bila mikono.

Baada ya kuvuna ndipo watu husahau. Viazi vibovu hutupwa ukingoni mwa shamba, marando makuukuu huachwa yachipue yenyewe, na vijiazi vidogo hubaki udongoni. Humo fukusi hukaa mpaka msimu mwingine. Okota vyote. Chimba shimo refu, tupa humo, ufukie na kushindilia, au uchome mashina yaliyokauka. Ng'oa pia magugu yenye maua kama tarumbeta, ya zambarau au meupe, yanayotambaa kando ya ua na kando ya mitaro ya njia yetu. Hayo ni ndugu wa kiazi kitamu, na fukusi hukaa kwao akikosa kiazi. Kisha usirudie viazi mahali pale pale. Panda maharagwe au mahindi, na viazi vipya vipeleke mbali na shamba la zamani, maana fukusi si mrukaji hodari. Hutembea zaidi kuliko kuruka. Shamba jipya likipakana na la zamani kwa ua tu, ni kama kuhama chumba na kumwachia mwizi ufunguo.

Na hapa, ndugu wanachama, ndipo tunapofika mahali ambapo mtu mmoja hawezi. Wewe waweza kupanda ncha tupu, kuziba kila ufa na kusafisha shamba lako likawa kama uwanja wa kanisa. Jirani yako akiacha matuta yake ya mwaka juzi kando yako, mdudu wake atakuja kwako usiku kwa miguu. Tumeona jambo hili kwenye vibustani vya kota. Watu kumi na wanane wanalima pamoja, kumi na saba wakasafisha, mmoja akahamishwa kituo kingine akaacha viazi vyake ardhini. Kufika kiangazi safu tano zilizokaribiana na lake ziliharibika. Wakaanza kulaumiana, hata wengine wakanuniana kazini. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu akihamishwa, wenzake wamchimbulie viazi na kumpelekea fedha yake, na bustani isafishwe siku hiyo hiyo. Sasa wanafanya hivyo, na kwenye vibustani vile hakuna ugomvi tena wa viazi.

Je, mdudu huyu aweza kumalizwa kabisa duniani? Kuna mahali amemalizwa. Huko Ujapani, katika kisiwa cha Kume, Okinawa, waliwalea fukusi kwa mamilioni, wakawatia mionzi wasiweze kuzaa, wakawaachilia. Majike yakakutana na madume hao na mayai yao yasianguliwe. Kazi ilichukua miaka mingi, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba hayuko tena kisiwani. Lakini kile ni kisiwa, kimezungukwa na bahari, na serikali ilitoa fedha. Sisi hatuna bahari kati ya shamba na shamba. Watu wa Kuba nao wana njia ya bei ndogo: huwaalika sisimizi katika vipande vya mgomba, kisha huvibeba na kuviweka kati ya matuta, nao sisimizi huwala mabuu na fukusi. Hatujaijaribu hiyo, lakini angalau mtu akiwaona sisimizi kwenye matuta yake asiwamwagie majivu ya moto. Vivyo hivyo akimwona fukusi amekufa, amefunikwa na ukungu mweupe kama unga, amwache hapo hapo. Ule ni ugonjwa wao, na utawaambukiza wengine.

Ndugu zetu wa Limuru na Molo wametuambia tusiwasahau na waru zao. Maneno yao ni mafupi. Fukusi tuliyemtaja hana haja na waru. Waru ina mbawakawa mwingine, wa mviringo, rangi ya chungwa au nyekundu hafifu, mwenye madoa meusi, ambaye hula nyama ya jani na kuacha mishipa kama wavu. Mtoto wake ni wa manjano mwenye miiba laini. Huyu hukaa juu ya majani, kwa hiyo mkono unamfikia. Pita asubuhi na mkebe wenye maji ya sabuni, mwangushe humo, na upindue majani upande wa chini upate mafungu ya mayai ya manjano uyaponde. Lakini jihadharini: yuko anayefanana naye, mwenye mgongo laini wenye kung'aa kama gari lililopigwa polishi, naye ni rafiki, hula chawa wa mimea. Adui mgongo wake umefifia, una vinyweleo vifupi. Yule mbawakawa wa mistari kumi anayesumbua viazi vya Marekani na Ulaya, hayuko Kenya. Ndiyo maana si vizuri mtu kuingiza mbegu ya viazi kwa mfuko kutoka ng'ambo bila kukaguliwa.

Twarudi kwa viazi vitamu, na kwa kazi iliyo mbele yetu. Mwenyekiti ameturuhusu tupendekeze mambo mawili yapigiwe kura leo. La kwanza, kila kundi la vibustani lichague mtu mmoja wa kuzunguka matuta yote mara moja kwa juma miezi ya kiangazi, kwa zamu, na kumwambia kila mwenye ufa. La pili, iwekwe siku moja, Jumamosi ya mwisho wa Februari kabla ya mvua, ambayo wote watachimbua mabaki na kufukia, pamoja na ya wale walio safarini au walio zamu. Mwanachama asiyekuwapo asiogope. Viazi vyake vizima vitapimwa mbele ya watu wawili na kuwekwa kwa mweka hazina.

Kitalu tulichokipanda karibu na tangi la maji kimeanza kutoa. Leo asubuhi tumekata ncha 400, ziko ndani ya magunia mawili yenye unyevu pale mlangoni. Wenye kusafiri na gari la jioni wachukue kwanza, ncha 20 kila mtu, na wasiziweke juani. Zinazobaki ni za akina mama wa landhi. Maswali sasa, Ndugu Mwenyekiti.